Senario kwenye miradi ya teknolojia na wabia wa nje: tunavyofanya huku Dodoma

Siku tunatambulisha mradi wetu wa pampu ya maji ya sola kwenye kijiji kimoja cha Chamwino nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba tutafunga sensa kwenye kisima. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, sensa si ilishapita 2022? Na huko kisimani mnakwenda kumhesabu nani?" Mkutano mzima ukaangua kicheko, mimi nikacheka nao, ila moyoni nikajua tuna proposo ya kurasa 40 iliyojaa neno sensa, kwetu sisi kifaa cha kupima maji, ambalo wenye kisima wakilisikia wanaona karani na kishikwambi.

Toka siku hiyo nimekuwa mgumu kidogo: kifaa hakichorwi mpaka kwanza tuandike senario. Na wengi wanaoniuliza wananiambia hizo senario walishafanya, walikaa hotelini mjini siku mbili, wakabandika vikaratasi vya njano ukutani, wakapiga picha, kwisha habari. Sasa nawaandikia tunavyofanya sisi, chukua kinachokufaa.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu neno lenyewe, maana kuna vitu viwili na watu wanavichanganya mpaka kwenye TOR (hadidu za rejea). Kuna senario ya matumizi, yaani hadithi ya mtu mmoja, siku moja, anatumia kifaa chako, unaona wapi anakwama. Hiyo ni ya watu wa kubuni programu na mashine. Halafu kuna senario za mbele, hizi ni dunia kadhaa tofauti ambazo mradi unaweza kujikuta ndani yake miaka kumi ijayo. Hizi zilianzia kwa watu wa vita, Herman Kahn pale RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, miaka ya 1950, baadaye kampuni ya mafuta ya Shell wakazichukua, Pierre Wack na wenzake wakawa wameshawaandaa mabosi wao kwa dunia ya mafuta ghali kabla ya mtikisiko wa 1973. Afrika zilijulikana sana na Mont Fleur kule Afrika Kusini 1991 na 1992, watu wa chama cha ANC, wafanyabiashara na wasomi wakakaa meza moja wakatoka na hadithi nne za nchi yao, kila moja ina jina la ndege au kitu kinachoruka: mbuni aliyeficha kichwa mchangani, bata kilema, Icarus wa ngano za Wagiriki aliyepaa mpaka jua likayeyusha mabawa yake, na flamingo wanaoruka pamoja taratibu. Angalia majina hayo, kuna sababu nayataja, nitayarudia chini.

Mradi wa teknolojia wenye wabia wa nje unazihitaji zote mbili. Ya matumizi inakuokoa mwaka wa kwanza, za mbele zinakuokoa mfadhili akishaondoka.

Na kama kuna mtu anadhani haya ni mapambo, apande basi la Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga, lengo ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ndo ilikuwa mwanzo. Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000, wakaishia kupanda kama 7,500 hivi. Matrekta yalikuwa mitumba ya vita, visiki vya mibuyu na vichaka vikayavunja, na udongo wa kule mvua ikishakatika unakuwa kama saruji, majembe yakalika na karanga zikagoma kung'oka. 1951 wakafunga, pauni kama milioni 36 zimeenda na maji. Sasa swali ambalo lingewaokoa ni dogo tu, "je mvua ikikatika mapema na udongo ukikauka tukiwa katikati ya kuvuna?" Mgogo yeyote wa pale angewajibu bila kulipwa posho. Ile teknolojia ilifikiriwa kwa hali moja tu, ile iliyoandikwa kwenye ripoti.

Haya, tuingie kazini.

Hatua ya kwanza: amua unaangalia mpaka wapi

Mradi wetu ulikuwa wa miaka mitatu. Wabia wakataka senario za miaka mitatu. Nikawauliza, paneli ya sola inaishi miaka mingapi? Ishirini na kitu. Pampu? Kumi ukiitunza. Kisima chenyewe? Kinatuzidi sisi umri. Kwa hiyo miaka mitatu ni umri wa mkataba wetu, na sisi tunachofunga ni pampu. Chagua kipande kimoja cha kifaa ambacho kikifa basi kila kitu kimekufa, angalia umri wake, hapo ndo mwisho wa senario zako. Kisha andika swali moja kwenye karatasi kubwa, moja tu. Letu lilikuwa: mwaka wa kumi, nani anachota maji hapa na nani analipia kifaa kikiharibika? Ukiona swali lina "na" tatu au nne rudi ulipunguze, hata letu hilo lilikuwa refu tukabishana nalo asubuhi nzima.

Hatua ya pili: kaa na watu, ila kwa akili

Usiende Desemba mpaka Machi. Huku mvua ni msimu mmoja na watu wako shambani, ukiitisha kikao utapata mtendaji, mwenyekiti na vijana wawili waliokuwa wanasubiri bodaboda. Nenda Juni, Julai, mavuno yameshaingia ndani. Angalia pia siku ya mnada. Barua ya halmashauri tembea nayo, na kabla ya yote pita kwa mwenyekiti wa kitongoji ukasalimie, usimwite ofisini.

Gawanya makundi. Ukiwachanganya wote, wanaume wazima wataongea, kina mama watasema "kama alivyosema mwenyekiti". Sisi tunakaa na wanaochota maji peke yao, wafugaji peke yao, mafundi wa pikipiki na redio peke yao (hawa usiwasahau kabisa, kifaa chako kikifa wao ndo watakifungua, upende usipende), na kamati ya maji peke yao. Wahandisi wa nje wakae nyuma wasikilize. Wabishi hao, watataka kujibu kila kitu, wape daftari waandike.

Posho. Haya, tuseme. Mbia wa Ulaya ataona ajabu kumlipa mtu aje kwenye kikao kuhusu maji yake mwenyewe, na mwanakijiji ataona ajabu wewe umeshuka na Land Cruiser halafu unampa soda. Wote wana hoja. Sisi tulichofanya ni kuweka kwenye bajeti toka mwanzo, kiwango kimoja kwa kila mtu hata mwenyekiti, na chai na maandazi mapema kabla ya kikao. Ukiiacha ijadiliwe kijijini siku hiyohiyo umeharibu, senario zote zitaandikwa za kukufurahisha wewe.

Hatua ya tatu: senario ya matumizi, hapa ndo kwenye kazi

Nafungua kwa "hadithi hadithi", wao wanajibu "hadithi njoo". Inaonekana utani ila inafanya kazi kuliko slaidi yoyote, maana watu wanajua sasa tunasimulia, hatuhojiwi. Halafu naweka mtu wa kubuni: tumuite Mama Eliza, ana watoto wanne, anakaa mbali kidogo na kituo. Nasema sentensi ya kwanza, kisha nauliza tu "halafu?" Wao ndo wanaendeleza. Halafu? Halafu? Kazi yako ni hiyo tu na kuandika.

Senario lazima iwe na saa, mahali, na vitu alivyoshika mkononi. Mkononi kabisa, usicheke. Mpango wetu wa kwanza ulikuwa mtu anunue maji kwa simu, tokeni inakuja kwa meseji kama luku ya umeme, anabonyeza namba kwenye bomba maji yanatoka. Kwenye karatasi safi kabisa. Hadithi ya Mama Eliza ikatoka hivi:

Anaamka saa kumi na moja alfajiri, madumu matatu kwa punda, mtoto mgongoni. Simu ni kitochi, na ni ya mume. Mume yuko mjini kwenye ujenzi wiki ya pili hii, simu kaondoka nayo. Kwa hiyo tokeni inaingia mjini. Halafu? Anaazima simu ya jirani ampigie mume amsomee namba. Halafu? Kituo kiko bondeni, mtandao hakuna, anapanda mpaka kwenye mbuyu. Halafu? Kasomewa tarakimu ishirini, kalamu hana, anazichora mchangani na kijiti. Halafu punda akazikanyaga.

Hapo watu walicheka mpaka machozi, na mhandisi mmoja nyuma akafunga laptopu yake taratibu. Tokeni za meseji zilifia pale. Tukaenda kwenye kadi ya kugusisha, na mwenye kadi isiyo na salio anaruhusiwa dumu kadhaa za mkopo, maana maji huwezi kumwambia mtu arudi kesho.

Lakini kitu kikubwa zaidi hatukukiona siku ile. Kilikuwa kwenye saa.

Senario ile ilisimuliwa nusu Kigogo, ikaandikwa Kiswahili, ikatafsiriwa Kiingereza usiku na kijana wetu mmoja aliyechoka, ikatumwa Ujerumani kwa wabia wetu. Kwenye jedwali la matumizi "saa 11" ikabaki 11. Wenzetu kule wakasoma saa tano asubuhi, wakafurahi sana kwa kweli, maana saa tano jua limeshapanda, pampu inasukuma moja kwa moja, tenki kubwa la nini? Mchoro ukarudi na tenki la lita 2,000. Tukaupokea. Hakuna aliyeshtuka, hata mimi, nilikuwa naangalia bei tu nikaona imeshuka nikashukuru Mungu.

Kilichotuokoa ni kwamba tulijiwekea kanuni ya kurudisha kila senario kijijini isomwe kwa sauti baada ya kutafsiriwa, yaani unaitoa kwenye Kiingereza kuja Kiswahili tena. Nikasoma "ilipofika saa tano asubuhi Mama Eliza akachukua madumu yake". Mama mmoja akanikata: "Saa tano ana dumu mkononi? Huyo mgonjwa au? Saa tano tuko shamba." Tukapiga hesabu palepale chini ya mti: kaya 120, madumu matatu matatu ya lita 20, ni lita 7,200 zinatakiwa kabla jua halijatoka, na pampu ya sola kabla jua halijatoka ni chuma tu. Tenki likawa la lita 10,000.

Kwa hiyo: andika senario kwa Kiswahili kwanza na nakala ya Kiswahili ndo iwe mama, ile ya Kiingereza ni mtoto. Saa zote ziandikwe kwa mifumo miwili ndani ya jedwali, na pembeni maneno "jua halijatoka" au "jua la utosi", hapo hakuna wa kukosea. Na kabla ya kuondoka jaribu senario kwa mwili: mpe mtu madumu, boksi la biskuti ndo bomba, mwambie afanye hadithi yote. Nusu saa inatosha. Utagundua kitufe kiko juu kuliko mkono wa mtoto wa miaka tisa, na huku anayechota mara nyingi ndo huyo.

Hatua ya nne: senario za mbele

Hapa kusanya mambo yanayoisukuma dunia ya mradi wako kisha yachambue mafungu mawili, yale yenye uhakika na yale ambayo yanaweza kwenda huku au kule. Watu kuongezeka ni uhakika: mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu zaidi ya milioni mbili sensa ya 2012, ya 2022 ukavuka milioni tatu, na serikali imehamia hapa hairudi. Jambo la uhakika liweke kwenye senario zote, usilifanyie mjadala.

Yenye mashaka ndo tunayatafuta. Sisi tulichukua mawili.

La kwanza, je ardhi inajazwa maji? Watu wa mradi wanapenda wastani wa mvua, huku ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, wanaweka kwenye ekseli wanaridhika. Ila visima vya Makutupora, vilivyonywesha mji huu miaka yote, vina rekodi ya kina cha maji ya miaka 55, moja ya ndefu sana kwa nchi za joto, na wanasayansi walioichambua waliona maji ya ardhini hayajazwi kidogokidogo kila mwaka, yanajazwa kwa mkupuo kwenye miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, halafu miaka inayofuata yanashuka tu. Kwa hiyo mvua ya wastani inaweza kunyesha miaka mitano mfululizo na kisima kikaendelea kushuka. Hilo ukilijua huandiki tena senario kwa wastani.

La pili, nani analipia matengenezo mradi ukiisha? Januari 2025 Marekani walipositisha misaada, watu niliokuwa nakunywa nao chai wiki moja kabla walirudisha laptopu za ofisi. Hakuna proposo niliyowahi kuiona yenye sentensi hiyo ndani.

Mashaka mawili ukiyakatisha msalaba yanakupa dunia nne. Usifanye tatu, watu watakimbilia ya katikati na kikao kimekwisha. Na usifanye moja nzuri moja mbaya, hiyo ni mahubiri. Majina waachie wanakijiji, hapa ndo namaanisha wale mbuni na flamingo: jina likishika, mtu analikumbuka miaka mitano, "Senario B" hakuna anayeikumbuka hata jioni hiyohiyo.

Zetu ziliitwa hivi. "Mvua ya Elinino" ni maji yapo na hela ipo, tuliipitia haraka, kila mtu anaipenda, hatari yake ni kamati kusahau kuweka akiba. "Maji yapo fundi hayupo" ndo iliyotuumiza kichwa: kisima kimejaa, bodi ya umeme inayoendesha pampu imeungua, spea iko Ulaya, mfadhili hajibu imeli. Fundi redio anakuja, anairuka mita yetu yote, anafunga pampu moja kwa moja kwenye paneli, maji yanatoka, kijiji kinamshangilia. Wahandisi walitaka kumzuia kwa boksi la chuma na kufuli. Kamati wakasema hapana, huyo ni mkombozi wetu, mtengenezeeni njia. Ikawekwa swichi ya mkono, ukiigeuza pampu inafanya kazi bila mita na bila kuunguza kitu. Bei yake sijui kama ilizidi ile ya kufuli.

"Kibubu kimejaa kisima kikavu": kamati imekusanya vizuri, ila maji yanashuka kila mwaka. Kwenye dunia hii kifaa chetu cha kupima kina faida kuliko dunia zote, na ndo kitakachochukiwa kuliko zote maana ndo kinachotangaza msiba. Tuliuliza, siku kifaa kinasema punguzeni, nani anasimama kuwaambia watu? Ukimya. Baada ya ukimya mrefu wakakubaliana kwamba kipimo kisiende Ujerumani kwanza, kiende kwa kamati, na mgao uandikwe kwenye kanuni zao sasa hivi wakati hakuna mwenye kiu.

Ya nne, "kila mtu na dumu lake", maji hamna hela hamna. Ilitupa uamuzi mmoja tu ila mzuri: pampu ya zamani ya mkono isingolewe. Wabia walitaka itolewe, inaharibu picha.

Hatua ya tano: piga mchoro wako kwenye kila dunia

Chora jedwali, mistari ni maamuzi ya mradi (tenki, kadi, mita, nani anatunza data, spea zitoke wapi), safu ni dunia nne. Kila kisanduku jibu: kinasimama, kinayumba, kinaanguka. Uamuzi unaoanguka dunia tatu ufute hata kama bosi anaupenda. Unaosimama zote nne fanya kesho. Ukimaliza jedwali na hakuna kitu hata kimoja kilichobadilika kwenye mchoro au bajeti, basi mmesimuliana hadithi tu, rudini hatua ya pili mkaangalie nani hakuwepo.

Usisahau mstari wa data. Kadi zina majina na namba za simu, hizo ni taarifa binafsi kwa sheria yetu ya 2022, na kuzipeleka seva ya nje kuna masharti yake. Mbia wa nje anajua sheria za Ulaya, za kwetu mwambie wewe, tena kabla hajanunua seva.

Kikao cha mtandaoni na wabia kifanye mchana wetu, wao wako nyuma saa moja au mbili kutegemea na msimu wao, asubuhi yetu mapema wamelala. Na tuma senario siku tatu kabla, watu hawasomi usiku wa kuamkia kikao.

Hatua ya sita: dalili

Kila dunia itafutie dalili mbili za mapema ambazo mtu wa pale anaweza kuziona bila laptopu. Za kwetu ziko kwenye daftari la kaunta linalokaa kwa mhazini wa kamati: madumu yaliyouzwa kwa mwezi, siku ambazo pampu haikufanya kazi, siku tangu mbia ajibu imeli mara ya mwisho (hii waliipendekeza wao, nilicheka ila ipo), na kina cha maji kisimani. Daftari linafunguliwa kila kikao cha robo mwaka, dalili mbili za dunia moja zikitokea pamoja kamati inaita kikao cha dharura na kutoa ile kanuni waliyoandika.

Kina kinapimwa tarehe moja ya kila mwezi, alfajiri kabla pampu haijawaka. Mara ya kwanza tulipima saa nane mchana pampu ikiwa imeshapiga toka asubuhi, maji yalikuwa yamevutwa chini, tukaandika kisima kinakufa na mwenyekiti akakosa usingizi siku mbili.